Tumbo lisiloisha kusumbua: Jinsi simu inavyoweza kumsaidia mgonjwa wa IBS Karatu na Ngorongoro

Tumbo linauma, linajaa gesi, kisha linaendesha. Wiki inayofuata choo kinakuwa kigumu na hakitoki siku tatu. Vipimo vinasema hakuna kitu. Kwa watu wengi hali hii ina jina, na ina njia za kuituliza. Simu ya mkononi ni mojawapo ya vifaa vya kazi hiyo, ikitumiwa vizuri.

Kwa ufupi

- IBS ni tatizo la mawasiliano kati ya ubongo na utumbo. Maumivu ni ya kweli hata kama vipimo ni safi.
- Hakuna dawa ya siku moja, lakini wagonjwa wengi hupata nafuu wakijua kinachochochea tumbo lao.
- Vichocheo hutofautiana kati ya mtu na mtu. Ndiyo maana kumbukumbu za kwenye simu zina thamani kuliko orodha ya jumla.
- Damu kwenye choo, kupungua uzito bila sababu, homa na upungufu wa damu si dalili za IBS. Anayeziona aende hospitali.

IBS ni nini hasa?

IBS ni kifupi cha jina la kitaalamu la hali ambayo utumbo unafanya kazi kwa vurugu bila kidonda, uvimbe wala mdudu anayeonekana kwenye vipimo. Misuli ya utumbo hukaza au kulegea kuliko kawaida, na mishipa ya fahamu inakuwa nyepesi mno kuhisi. Gesi kidogo ambayo mtu mwingine haisikii, kwa mwenye IBS inauma kama kisu.

Vigezo ambavyo madaktari duniani wanavitumia vilitolewa mwaka 2016 na vinaitwa Rome IV. Mtu anahesabiwa kuwa na IBS iwapo anapata maumivu ya tumbo angalau siku 1 kwa wiki katika miezi 3 iliyopita, na maumivu hayo yanaambatana na mawili kati ya haya matatu:

- yanahusiana na kwenda haja kubwa;
- idadi ya mara anazokwenda choo imebadilika;
- umbo la choo limebadilika.

Dalili ziwe zilianza angalau miezi 6 nyuma.

Si ugonjwa wa watu wachache. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2021, uliohusisha nchi 33, uligundua kuwa takriban watu 4 kati ya kila 100 waliohojiwa kupitia intaneti walikuwa na dalili zinazotimiza vigezo hivyo. Wanawake huathirika zaidi kuliko wanaume.

Wengine huanza baada ya kuharisha kwa sababu ya maambukizi. Mdudu anatibiwa na kuondoka, lakini utumbo unabaki na wasiwasi. Tafiti zinakadiria kuwa mtu 1 kati ya 10 wanaougua maambukizi makali ya tumbo hubaki na IBS. Kwa maeneo ambayo maji safi ni shida, hilo si jambo dogo.

Kwa nini wengi hawajui kuwa wanayo

Njia ya mgonjwa wa kawaida inafahamika. Anakwenda duka la dawa, anaambiwa ni amiba, anapewa dozi. Miezi miwili baadaye anaambiwa ni taifodi, dozi nyingine. Mara ya tatu ni vidonda vya tumbo. Kila dozi inaleta nafuu ya siku chache, kisha tumbo linarudi kule kule.

Ugumu ni kwamba magonjwa hayo yote yapo kweli. Amiba, giardia, minyoo na bakteria wa vidonda vya tumbo ni vya kawaida kaskazini mwa Tanzania. Kwa jamii za wafugaji ipo pia brusela, inayoweza kupatikana kwa kunywa maziwa yasiyochemshwa, na upo uvimbe wa maji kwenye ini unaotokana na minyoo ya mbwa. Kwa hiyo hatua ya kwanza si kupakua app. Hatua ya kwanza ni kupima.

Lakini mtu aliyepimwa mara tatu akaambiwa yuko safi, kisha akaendelea kumeza antibiotiki kila mwezi, anapoteza fedha na anaweza kuvuruga zaidi bakteria wazuri wa utumbo wake.

Karatu na Ngorongoro: ugumu uko wapi

Karatu ni mji wa barabara kuu ya utalii. Madereva na waongoza watalii huondoka alfajiri kuwahi lango la Lodoare, wanakaa garini siku nzima, wanakula boksi la chakula kwa saa zisizoeleweka. Ndani ya kreta vyoo ni vya kuhesabu, na mtu haruhusiwi kushuka popote anapotaka. Dereva mwenye tumbo la kuendesha anajua maana ya hilo. Baadhi huamua kutokula kabisa hadi jioni, kisha wanakula sahani kubwa kwa mara moja. Utumbo wenye IBS haupendi hivyo vyote viwili.

Kwa wakulima wa upande wa Karatu, chakula cha kila siku ni mahindi, maharage na mbaazi, na makande ni mlo wa heshima. Bonde la Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, linalisha masoko mengi kwa vitunguu. Ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, ambako kilimo hakiruhusiwi, watu wanategemea mifugo, maziwa na unga unaonunuliwa kutoka nje.

Ukiangalia kwa jicho la IBS, vyakula vitatu kati ya hivyo vimo kwenye orodha ya wachochezi wakubwa: maharage, vitunguu na maziwa mabichi. Hiyo haimaanishi kila mgonjwa aviache. Inamaanisha ni vizuri kila mmoja ajue kipi kati ya hivyo kinamgusa yeye.

Kisha kuna umbali. Mkazi wa Endulen au Nainokanoka hawezi kumwona daktari kila wiki ili kueleza jana alikula nini. Hapo ndipo simu inapopata kazi.

App za nje: zinasaidia, lakini hazijui makande

Duniani, msaada wa IBS kupitia simu umeendelea kwa njia mbili kubwa.

Njia ya kwanza ni ya chakula. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne nchini Australia, walibuni mlo unaopunguza kundi la sukari ambazo hazimeng'enywi vizuri, huchachuka ndani ya utumbo na kutoa gesi. Kundi hilo linaitwa kwa kifupi FODMAP. Tangu mwaka 2012 chuo hicho kina app inayoonyesha kiwango cha sukari hizo kwenye vyakula mbalimbali kwa rangi za taa za barabarani: kijani, njano na nyekundu.

Njia ya pili ni ya akili na mwili. Kwa kuwa IBS ni mvutano kati ya ubongo na utumbo, mafunzo ya kubadili namna mtu anavyoupokea wasiwasi na maumivu hupunguza dalili. Nchini Uingereza, utafiti wa wagonjwa 558 ambao tiba za kawaida zilikuwa zimewashinda ulichapishwa mwaka 2019. Baadhi walipewa mafunzo hayo kwa kupigiwa simu na mtaalamu, baadhi kupitia tovuti wakisaidiwa kidogo kwa simu, na wengine waliendelea na huduma ya kawaida. Baada ya miezi 12 makundi yote mawili ya mafunzo yalikuwa na nafuu kuliko la tatu. Waliopigiwa simu na mtaalamu ndio waliopata nafuu kubwa zaidi.

Matokeo hayo yana funzo. Teknolojia ilisaidia, lakini ilisaidia zaidi pale ambapo upande wa pili wa simu kulikuwa na mtu.

Kwa mtumiaji wa Karatu, app za nje zina mapungufu ya wazi. Nyingi ni za Kiingereza, baadhi ni za kulipia, zinakula bando, na mapishi yake ni ya mkate na jibini. Mtu anayekula loshoro, makande au ugali kwa mchicha anajikuta anakisia.

Mfano wa nyumbani: meseji moja ya Jumatatu

Afrika Mashariki ina uzoefu wake wa kutumia simu ya kawaida kumfuatilia mgonjwa. Nchini Kenya, utafiti ulioitwa WelTel ulifanyika katika kliniki tatu, mbili za Nairobi na moja ya Kajiado, eneo la Wamaasai linalopakana na Tanzania. Wagonjwa waliokuwa wakianza dawa za VVU walitumiwa kila wiki meseji yenye neno moja: "Mambo?" Walitakiwa kujibu ndani ya saa 48 kama wako sawa au wana shida. Aliyekuwa na shida, au aliyenyamaza, alipigiwa simu na mhudumu.

Matokeo ya wagonjwa 538 yalichapishwa mwaka 2010. Kati ya waliopata meseji, asilimia 62 walisema walikuwa wakimeza dawa inavyotakiwa, dhidi ya asilimia 50 ya wasiopata.

Tanzania nayo ilianzisha mwaka 2012 huduma ya Wazazi Nipendeni, iliyowatumia wajawazito meseji za bure za Kiswahili kulingana na umri wa mimba. Mwaka 2019 kampuni ya Ada Health ilileta toleo la Kiswahili la app yake ya kuuliza dalili, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili.

Hakuna kati ya hizo iliyotengenezwa kwa ajili ya IBS. Ila zinaonyesha kuwa lugha ya Kiswahili, simu ndogo na swali fupi la kila wiki vinatosha kuanzia.

Hatua 5 za kuanza, hata kwa kitochi

1. Kupima kwanza

Mgonjwa aanzie kituo cha afya au hospitali. Karatu kuna Hospitali ya Kilutheri na kituo cha FAME. Kwa wakazi wa ndani ya hifadhi ipo Hospitali ya Endulen, na upande wa Loliondo ipo Wasso. Daktari ataamua vipimo vya choo, damu au vingine. Kama kuna dalili za hatari, anaweza kupewa rufaa kwenda hospitali kubwa kama KCMC ya Moshi, ambako kuna kipimo cha kamera.

Aulize swali moja kwa uwazi: "Daktari, inaweza kuwa IBS?"

2. Kuandika siku 14 bila kubadilisha chochote

Hili ndilo kosa la wengi. Wanaanza kwa kuacha vyakula kumi kwa wakati mmoja, tumbo linatulia, na hawajui ni kipi kilikuwa kinawasumbua. Wiki mbili za kwanza ni za kuangalia tu.

Mwenye simujanja anaweza kujiandikia WhatsApp mwenyewe au kutumia sehemu ya kuandika kumbukumbu iliyomo ndani ya simu, ambayo haihitaji mtandao. Mwenye kitochi anaweza kuhifadhi meseji ambazo hazijatumwa. Asiyesoma anaweza kurekodi sauti, kwa Kiswahili, Kimaasai au Kiiraqw, mjukuu akamsaidia baadaye.

Kila siku mambo matano yanatosha:

- alichokula na kunywa, na saa ngapi;
- maumivu, kutoka 0 hadi 10;
- choo, mara ngapi na namba gani;
- usingizi, saa ngapi;
- siku ilikuwaje: safari, ugomvi, mtihani, hedhi, kazi nzito.

Namba ya choo inatoka kwenye kipimo kilichobuniwa Bristol, Uingereza. Namba 1 ni gololi ngumu, namba 4 ni choo laini cha kawaida, namba 7 ni maji matupu. Namba moja inamwambia daktari mengi, tena bila aibu ya maelezo marefu.

Mfano wa siku moja: "Saa 1 asubuhi chai ya maziwa, chapati 2. Saa 3 gesi, maumivu 6. Choo namba 6, mara 2. Mchana sikula, niko kreta. Usiku ugali, maharage. Maumivu 7. Usingizi saa 5."

3. Kutafuta mchoro unaojirudia

Baada ya siku 14, mgonjwa asome zote kwa pamoja. Je, siku mbaya zinafuata maharage, au zinafuata siku za kutokula mchana? Je, tumbo linavurugika hata siku ambazo chakula ni kile kile lakini usingizi ulikuwa mdogo? Mara nyingi mtu aliyekuwa akilaumu chakula kimoja anakuta kuwa tatizo ni saa za kula, au presha ya kazi.

4. Kubadilisha kitu kimoja kwa wakati

Anachagua mshukiwa mmoja na kumpumzisha kwa wiki 2, huku akiendelea kuandika. Dalili zikipungua, anakirudisha kidogo kidogo kwa siku 3: leo robo, kesho nusu, keshokutwa kiasi cha kawaida. Tumbo likilalamika tena, jibu limepatikana. Lisipolalamika, chakula hicho kirudi sahani.

Mlo kamili wa FODMAP unapunguza vingi kwa pamoja, kwa wiki 2 hadi 6, kisha kila kimoja hurudishwa. Ni vizuri ufanywe chini ya mtaalamu wa lishe. Haufai kwa mtoto, mjamzito au mtu ambaye uzito wake tayari ni mdogo, na haukubuniwa kuwa wa maisha yote.

5. Kumpata mtu wa "Mambo?"

Anaweza kuwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii, muuguzi anayekubali, dada au mwenza. Kazi yake ni moja: kila wiki, siku ile ile, kuuliza hali na kusubiri jibu. Majibu mawili ya "shida" mfululizo yanamaanisha ni wakati wa kurudi kliniki. Kwa ushauri wa jumla, laini ya bure ya Wizara ya Afya ni 199.

Sahani ya hapa, kwa jicho la IBS

Kwa kawaida havisumbui: ugali wa mahindi, wali, viazi mviringo, mayai, nyama isiyo na mafuta mengi, samaki, mchicha, sukuma wiki, karoti, papai, ndizi ambayo haijaiva sana, karanga kiasi.

Vya kuangalia: maharage, mbaazi, dengu, vitunguu maji, kitunguu saumu, chapati na maandazi ya ngano, maziwa mabichi, tikiti, embe, asali, soda, pombe, pilipili na vyakula vilivyojaa mafuta.

Kabla ya kuacha chakula, kuna ujanja wa jikoni unaostahili kujaribiwa:

- Maharage na makande. Yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, yachemshwe kwa maji mapya. Sehemu ya sukari inayoleta gesi huondoka na maji. Makande yanaweza kupikwa mahindi mengi, maharage machache.
- Vitunguu. Sukari ya kitunguu huyeyuka kwenye maji, haiyeyuki kwenye mafuta. Ukikaanga vipande vikubwa kwenye mafuta kisha ukavitoa kabla ya kuweka nyanya, ladha inabaki na tatizo linapungua. Majani ya kijani ya kitunguu pia hayana shida kubwa.
- Maziwa. Mtindi una sukari kidogo kuliko maziwa mabichi kwa sababu bakteria wameshaila kiasi. Chai inaweza kupikwa maziwa yakiwa machache.

Kwenye maziwa, ushauri wa jumla unaweza kupotosha. Utafiti ulioongozwa na Sarah Tishkoff na kuchapishwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa watu wengi wa jamii za wafugaji za Tanzania na Kenya wana mabadiliko ya vinasaba yanayowawezesha kumeng'enya maziwa hata utu uzimani. Kumwambia mfugaji wa Ngorongoro aache maziwa kwa sababu app ya nje imeyawekea rangi nyekundu kunaweza kumnyang'anya mlo wake mkuu bila faida yoyote. Kumbukumbu zake za wiki mbili ndizo zitakazosema.

Si chakula peke yake

Saa za kula. Milo midogo kwa wakati maalumu ni bora kuliko kushinda njaa na kufidia usiku. Dereva wa watalii anaweza kuweka kengele mbili kwenye simu na kubeba viazi vya kuchemsha, mayai na ndizi badala ya kutegemea boksi.

Vinywaji. Maji ya kutosha siku nzima, na chai na kahawa zisizidi vikombe 3. Kwa mji unaozungukwa na mashamba ya kahawa ya Oldeani hilo ni gumu, lakini kahawa huusukuma utumbo mpana, na mwenye tumbo la kuendesha analisikia haraka.

Kutembea. Nchini Sweden, utafiti wa wagonjwa 102 uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa walioongeza mazoezi kwa wiki 12, dakika 20 hadi 60 mara 3 hadi 5 kwa wiki, walipata nafuu. Anayechunga ng'ombe hahitaji ushauri huu. Anayekaa garini au dukani siku nzima anauhitaji.

Pumzi. Kukaa kimya dakika 10, kuvuta pumzi polepole hadi tumbo lijae, kisha kuitoa taratibu, hutuliza mishipa inayounganisha ubongo na utumbo. Ni bure na haihitaji mtandao.

Dawa. Zipo za kutuliza mkazo wa utumbo, za kupunguza kuharisha na za kulainisha choo. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2023, wenye wagonjwa 463, ulionyesha kuwa amitriptyline kwa dozi ndogo husaidia IBS. Hiyo ni dawa ya kuandikiwa na daktari, si ya kuombwa dirishani. Dawa ya kuzuia kuharisha isitumike mtu akiwa na homa au damu kwenye choo.

Tahadhari: dawa ya mara moja na siri za mwili

Wilaya ya Ngorongoro inajua hamu ya watu kupata tiba ya mara moja. Mwaka 2011 maelfu walipanga foleni ya magari hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Leo foleni imehamia kwenye simu: matangazo ya dawa za "kusafisha utumbo" hutumwa kwenye magrupu kila siku. IBS hupanda na kushuka yenyewe, kwa hiyo karibu kila kitu kinaweza kuonekana kimefanya kazi kwa wiki moja. Anayeahidi kuponya kabisa kwa chupa moja anauza matumaini.

Jingine ni faragha. Picha za choo, majibu ya maabara na maelezo ya hedhi visitupwe kwenye grupu la kijiji au la kazini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazitambua taarifa za afya kuwa nyeti. App inayoomba namba zote za simu na picha zote ili tu kuandika alichokula mtu, haistahili kubaki kwenye simu.

Dalili ambazo simu haiwezi kuzitibu

Mtu asisubiri siku 14, aende hospitali mapema, akiona:

- damu kwenye choo, au choo cheusi kama lami;
- uzito unapungua bila yeye kutaka;
- homa, au maumivu yanayomwamsha usiku;
- kuishiwa damu, kuchoka sana na kupauka;
- uvimbe tumboni, au tumbo kujaa maji;
- chakula kukwama kooni;
- dalili zimeanza akiwa na zaidi ya miaka 50;
- ndugu wa karibu amewahi kuwa na saratani ya utumbo.

Hatari kubwa ya kujitibu kwa simu ni hii: mtu anajipa jina la IBS, anazoea maumivu, kumbe kuna ugonjwa mwingine unaokua. Mgonjwa aliyeshaambiwa ana IBS naye arudi kupimwa dalili zikibadilika.

Maswali yanayoulizwa sana

IBS inaweza kugeuka saratani?
Hapana. Inasumbua maisha, lakini haigeuki saratani na haiharibu utumbo.

Ni ugonjwa wa mawazo?
Hapana. Mawazo huuchochea, sawa na yanavyopandisha mapigo ya moyo. Maumivu yako kwenye utumbo na ni ya kweli.

Kula kama Wahadzabe kunaponya?
Tafiti za mwaka 2014 na 2017 zilionyesha kuwa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wana bakteria wa utumbo wa aina nyingi, na kwamba hubadilika kwa misimu. Tafiti hizo hazikupima tiba ya IBS. Kurukia nyuzinyuzi nyingi kwa ghafla kunaweza kuongeza gesi. Ziongezwe polepole.

Mtandao ukikosekana?
Kuandika hakuhitaji mtandao. Mgonjwa anaandika akiwa popote, anatuma akifika penye mnara.

Mgonjwa aende na nini kliniki?
Aende na siku zake 14. Daktari mwenye wagonjwa wengi nje ana dakika chache. Ukurasa mmoja unaoonyesha maumivu, choo, chakula na usingizi humpa picha ambayo maneno "tumbo linanisumbua, daktari" hayawezi kuitoa.